Soya ilibeba vizuri ila punje zikatoka zimesinyaa, na dawa nilipiga mara nne. Nakosea wapi?

Mkulima_Namtumbo

Wakuu habari za majukumu. Naomba msaada, na uwe wa haraka kidogo maana soya ipo shambani sasa hivi na sitaki yaliyonikuta mwaka jana yanikute tena.

Nipo Namtumbo, nalima ekari 4 za soya, mbegu Uyole Soya 2. Mwaka jana nilipanda mwishoni mwa Desemba, ikaota vizuri sana mpaka watu wanasimama barabarani kuangalia. Ilipofika kama wiki ya nne nikaanza kuona majani yametobolewa, matundu matundu kila mahali, ukigeuza jani unakuta viwavi vya kijani vinatembea kwa kujikunja kama mtu anapima kitambaa kwa shubiri. Nikashtuka nikaenda duka la pembejeo, nikapewa dawa nikapiga. Baada ya siku kama 12 naona matundu tena, nikapiga tena, maua yalipoanza nikapiga ya tatu ili niwahi, halafu wakaja inzi weupe wengi mno, ukigusa mmea wanaruka kama unga, nikapiga ya nne. Baada ya hapo majani yakawa safi, maganda yananing'inia, mi nikajua kazi imeisha nikawa nasubiri kuvuna tu, sikuingia tena shambani zaidi ya kupita pembeni.

Mwezi wa tano soya za jirani zinakauka na kudondosha majani, za kwangu zimesimama kijani. Mvua imekata, bado kijani. Nikavuna hivo hivo mashina mengine makavu mengine mabichi, tukapiga, nikachota kiganjani kuangalia. Punje nyingi zimesinyaa na kukunjamana, nyingine zina kidoti cheusi na pale penye kidoti pamebonyea. Maganda mengine ukiyapasua bapa tu, hamna kitu. Ekari 4 nimepata gunia 11, na mnunuzi akakataa 4. Mke wangu alikaa siku tatu anapeta na kuchambua ili angalau tupate za kuuza kwa debe.

Mwaka huu soya ina siku 41, maua ndo yanachomoza, na matundu yale yale yamerudi. Nimeshanunua dawa lita moja ipo ndani. Mke wangu anasema usipige kwanza, uliza watu. Ndo nauliza, nipige au nisipige? Na ile ya mwaka jana ilikuwa ugonjwa gani? Natanguliza shukrani.

BabaJunior_Mbinga

Pole sana mkuu. Ushauri wangu piga tu usisubiri, viwavi wakishakuwa wakubwa hawafi kirahisi. Mi napiga kila siku 14 toka ina wiki tatu mpaka inakomaa, na nabadilisha dawa kila mara wasizoee. Gharama ipo lakini bora gharama kuliko kukosa kabisa. Mwaka jana hukukosea kupiga, ulikosea kuacha mapema.

Mama_Ugani

Mwanangu wa Namtumbo, pole sana, na mpe pole mama watoto kwa hizo siku tatu za kupeta. Nimefanya kazi ya ugani miaka 22 huku Ruvuma na hadithi yako nimeiona kwenye mashamba mengi mno, ndo maana naandika kirefu.

Soma tena ulichoandika mwenyewe. Majani yalipotoboka uliingia shambani mara nne. Maganda yalipokuwa yanajaa hukuingia hata mara moja. Sasa punje kusinyaa, kidoti cheusi chenye kubonyea, maganda bapa, na mmea kubaki kijani wakati wenzake wanakauka, hizo alama nne zikikutana hatuzungumzii kiwavi tena, hizo ni alama za kunguni wa mimea, siyo yule wa kitandani. Yule wa kijani mwenye umbo la ngao, ukimminya ananuka vibaya mkono mzima. Ana mdomo kama sindano, anauchomeka kwenye ganda mpaka kwenye punje, anatia mate yake yanayoyeyusha halafu ananyonya. Akichoma ganda likiwa changa linabaki bapa au linadondoka. Akichoma punje inajaa, inasinyaa. Akichoma ikiwa imeshajaa inabaki na kidoti. Na kwa nje ganda linaonekana zima kabisa, ndo maana ulipita pembeni ukaona kila kitu kizuri. Kule kubaki kijani ni kwa sababu mmea umepoteza punje, chakula uliotengeneza kwenye majani hakina pa kwenda, basi unaendelea tu kuwa kijani.

Sasa majani. Soya ina majani mengi kuliko inayohitaji. Kabla ya maua inaweza kupoteza hata asilimia 30 ya majani na bado mavuno yakawa yale yale, ikishaanza maua na kubeba maganda uvumilivu unapungua, hapo mwisho ni asilimia 15. Na sisi binadamu tukiona matundu tunakadiria kupita kiasi, mtu anakuambia shamba limeisha nusu, ukipima kweli ni asilimia 10. Usiangalie majani ya juu tu yanayoonekana ukiwa umesimama, chuma la juu, la katikati na la chini, yaweke pamoja kiganjani ndo ukadirie.

Halafu kuna jambo linaloniuma kila mwaka. Zile dawa tatu za mwanzo zilikuondolea buibui, sisimizi, vunjajungu, nyigu wadogo na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Hao ndo askari wako. Inzi weupe uliowaona baada ya dawa ya tatu hawakuja kwa bahati mbaya, walikuta nyumba haina mlinzi. Na kunguni nao, mayai yao yanashambuliwa na kanyigu kadogo sana kuliko sisimizi, kanatoboa yai la kunguni na kutaga lake ndani, badala ya kutoka kunguni wanatoka nyigu. Ukipiga dawa ya kuua kila kitu wakati kunguni hata hajafika, unaua hako halafu kunguni anakuja anazaa kwa raha zake.

Kwa hiyo leo usipige. Kesho asubuhi nenda ukagonge. Chukua kitambaa cheupe au kiroba cha salfeti ukipasue, kiwe na upana wa mita moja, shonea vijiti viwili pembeni kikae wima bila kujikunja. Ingia katikati ya mistari, kitandaze chini kwenye shina la mstari mmoja, inamisha mimea ya mita moja juu ya kitambaa, itikise kwa nguvu, halafu hesabu haraka kilichodondoka kabla hakijakimbia. Fanya hivo sehemu 6 tofauti, zikiwa 10 ni bora zaidi, kingo na katikati. Andika kwenye daftari. Nenda mapema kabla ya saa nne, maana kunguni asubuhi anapanda juu ya majani kuota jua, mchana anajificha chini.

Na nisomee kwenye lebo ya hiyo dawa uliyonunua, kiambato chake ni nini. Usinitajie jina kubwa la mbele, soma yale maandishi madogo.

Mkulima_Namtumbo

Shikamoo mama. Nimesoma jibu lako mara tatu, na mke wangu nimemsomea.

Leo saa moja na nusu tulikuwa shambani wote wawili, yeye anaandika mimi nagonga. Tumefanya sehemu 10. Mwanzo sikuamini kilichodondoka. Viwavi wa kujikunja wakubwa, wa urefu kama kucha ya kidole gumba kwenda juu, tumepata kati ya 3 na 7 kila mita. Kunguni sehemu 8 hakuna kabisa, sehemu mbili za kingo upande wa kwa jirani mwenye maharage tumepata mmoja mmoja. Lakini buibui mama, buibui ni wengi mno, kila mita watano sita, wengine wadogo kama kichwa cha pini, na vunjajungu wadogo wa kijani ambao miaka yote nilikuwa nawaona nadhani nao ni wadudu waharibifu. Majani tumekadiria kwa kuchuma kama ulivosema, asilimia 10 hivi.

Kitu kimoja kimenishangaza. Kuna viwavi wamekufa wameng'ang'ania jani, wamekauka wagumu kama chaki, weupe, na mmoja ameanza kuwa na unga wa kijani mgongoni. Nilimshika akavunjika kama kijiti. Tumehesabu saba wa hivo bila kutafuta sana. Jirani aliyekuwa anapita anasema ni sumu imepeperuka kutoka shamba lingine, lakini hakuna aliyepiga huku. Ni nini?

Dawa kwenye lebo imeandikwa emamektini benzoeti.

Mhitimu_Moro

Ndugu yangu wa Namtumbo hongera sana, hesabu yako ya asubuhi moja ina thamani kuliko hiyo lita uliyoweka ndani.

Hao viwavi weupe kama chaki wamekufa na ukungu, wenye taaluma wanauita *Metarhizium rileyi*. Ukungu unaingia kupitia ngozi ya kiwavi, unamla ndani, kiwavi anakufa amejishikilia kwenye jani, anakuwa mweupe, halafu mbegu za ukungu zinajitokeza, ndo huo unga wa kijani. Upepo unazipeleka kwa viwavi wengine. Unapenda unyevu, kwa hiyo kwa mvua hizi za Februari utaona wanaongezeka wenyewe. Ulipoona saba bila kutafuta maana yake ugonjwa umeshaingia ukoo mzima. Na angalizo muhimu, dawa za ukungu tunazopiga kwa ajili ya kutu ya soya, ule ugonjwa wa majani, zinaweza kuua na huu ukungu rafiki, kwa hiyo nazo zipigwe pale tu penye sababu.

Mimi nilipata bahati ya kukaa miezi kadhaa Londrina, jimbo la Paraná kule Brazil, ndiko kilipo kituo cha utafiti wa soya cha Embrapa, shirika la serikali yao la utafiti wa kilimo. Hicho kitambaa anachosema mama ndo kitu cha kwanza mkulima anafundishwa. Miaka ya 1970 wakulima wa kule walikuwa wanapiga dawa za wadudu kama mara 6 kwa msimu, kwa kalenda, kama anavofanya BabaJunior. Walipoanza kugonga na kuhesabu wakashuka mpaka kama mara mbili. Baadae watu wakalegea wakarudi kwenye kalenda, kunguni wakaanza kuzoea dawa, ikabidi waanze tena kufundishana upya, na mashamba ya mfano yanayohesabu yanapiga karibu nusu ya yasiyohesabu, mavuno hayapungui.

Namba zao ni hizi, ziandike nyuma ya daftari. Viwavi wakubwa wa kuanzia sentimita moja na nusu, 20 kwa mita, au majani yakifika ile asilimia 30 na 15 aliyotaja mama. Kunguni, wakubwa pamoja na watoto walioshaanza kunenepa, 2 kwa mita kama unauza soya ya kula au kukamua, na 1 kwa mita kama unazalisha mbegu. Wewe una viwavi wasiozidi 7 na kunguni karibu sifuri, haupo hata karibu na mstari.

Usione ni namba za mbali. Kunguni wa kijani wa kule na wa kwetu ni yule yule, *Nezara viridula*, na wataalamu wengi wanaamini asili yake ni upande huu huu wa Afrika mashariki, ndo akasambaa duniani. Nafasi ya mistari kule ni sentimita 45 hadi 50, kama sisi.

Kuhusu emamektini, hiyo inafanya kazi vizuri kwa kiwavi kwa sababu anatafuna jani lenye dawa. Kunguni hatafuni, anapitisha mdomo wake moja kwa moja ndani ya ganda, dawa anaiacha nje. Mwaka jana hata kama ungepiga dawa kama hii, kunguni wangekuwepo tu. Ihifadhi hiyo lita, usiipige kwa sababu umeshainunua.

BabaJunior_Mbinga

Mi nimesoma na naheshimu wataalamu lakini nina swali la kweli kabisa, sibishi. Ukisubiri wafike 2 kwa mita si watakuwa wameshaharibu? Na mtu mwenye ekari 10 atagonga saa ngapi? Mi dawa ya siku 14 napanga mapema na vijana wa bomba nawalipa mapema.

Mama_Ugani

Baba Junior swali zuri na usiache kuuliza. Ile 2 haijawekwa pale wanapoharibu, imewekwa chini yake kidogo, ili upate siku mbili tatu za kutafuta dawa na bomba kabla hawajazidi. Na kipindi cha hatari kina mipaka. Kunguni akija kabla ya maganda hawezi kukupunguzia mavuno, ataishi tu kwenye mmea. Hatari inaanza ganda linapotokeza, inakuwa kali punje zikijaa, inaisha punje zikishakomaa na maganda kuanza kubadilika rangi. Ni kama wiki 5 au 6. Ndani ya wiki hizo gonga mara moja kwa wiki, na wakianza kuonekana gonga mara mbili. Ekari 10 sehemu 8 ni asubuhi moja, na unaweza kumpeleka Junior mwenyewe, watoto wana macho makali kuliko sisi. Nimeona watoto wa darasa la tano kwenye shamba darasa wanatofautisha kunguni mchanga na wadudu wengine vizuri kuliko wazazi.

Maana huyo mchanga anachanganya. Akitoka kwenye yai hafanani na mama yake, anaanza na rangi ya machungwa, baadae anakuwa mweusi mweusi mwenye madoa meupe na mekundu, na siku za kwanza wanakaa wamekusanyika juu ya maganda ya mayai bila kula kitu. Mayai yenyewe yapo chini ya jani, yamepangwa kwa mstari safi kama mapipa madogo yamesimama, rangi ya maziwa inayoelekea njano, yakikaribia kuanguliwa yanakuwa na wekundu. Ukikuta yamekuwa meusi yaache hapo hapo, hayo yameshaingiwa na kale kanyigu. Ukikuta meupe au ya wekundu chuma jani lote likanyage, umeua makumi ya kunguni kwa hatua moja bila senti.

Na vijana wa bomba uliowalipa mapema, waambie wavae vizuri, barakoa, buti na shati la mikono mirefu. Nimeshaona kijana ameanguka shambani anatetemeka amejaa mate mdomoni kwa sababu alipiga mchana wa upepo na fulana tu. Mpaka leo nikimkumbuka nasikia vibaya.

DadaWaPeramiho

Habari zenu wapendwa. Mimi nalima robo ekari tu, dawa za dukani sizimudu, natumia utupa. Nachuma majani nakausha kivulini, natwanga, kilo moja ya unga naloweka kwenye maji lita 10 usiku kucha na kipande kidogo cha sabuni, nachuja, napiga jioni. Viwavi na vidukari wanapungua sana. Ila utupa ni sumu kali ya samaki, babu zetu walikuwa wanavulia, kwa hiyo msioshee ndoo mtoni wala kwenye bwawa hata kidogo. Na watoto wasichezee.

Kingine, kwetu huku marejea bado inalimwa kurutubisha udongo, mimi niligundua kunguni wanaipenda marejea sana, ikianza kutoa maganda wanajaa kule. Nikapanda mistari miwili pembeni ya soya, nikawa naenda asubuhi na ndoo yenye maji ya sabuni nawakung'utia ndani. Je ni sahihi au najidanganya?

Mhitimu_Moro

Dada hujidanganyi hata kidogo, hiyo ni mbinu yenye jina kabisa, zao la mtego. Wengine wanapanda mistari michache ya soya ya muda mfupi pembeni, inabeba maganda wiki mbili kabla ya shamba kubwa, kunguni wanaanzia hapo. Masharti ni mawili. Mtego ubebe maganda KABLA ya soya yako, na uwe unawaua pale pale kwenye mtego, kwa ndoo kama wewe au kwa dawa pale tu. Ukiwaacha watazaliana humo, kutoka yai mpaka kunguni mkubwa ni kama wiki 5, halafu wanahamia ndani wote kwa pamoja na hapo mtego umegeuka kitalu. Kwa robo ekari ndoo ya sabuni inatosha kabisa, usione aibu.

Kuna jambo nililiona Brazil, walikuwa wanachanganya chumvi ya mezani kwenye dawa ya kunguni, nusu kilo kwa maji lita 100. Kunguni anavutwa na chumvi, anakaa muda mrefu kwenye mmea uliopigwa. Wao walipunguza na kipimo cha dawa. Mimi kipimo cha lebo nisingekipunguza bila mtaalamu kuwepo, na bomba lioshwe vizuri baada ya hapo, chumvi inakula vyuma.

Omwami_Busia

Wadau hamjambo, mimi niko Busia upande wa Kenya, pia tunapanda soya. Shida yangu ni tofauti kidogo, mimea ikiwa na wiki mbili tatu inakuwa manjano, inanyauka mmoja mmoja, nikiing'oa shina limevimba pale chini karibu na udongo na kupasuka. Wa agrovet ameniuzia dawa ya kunyunyizia majani lakini bado zinakufa.

Mama_Ugani

Karibu mwanangu wa Busia. Huyo ni inzi wa maharage. Anataga kwenye majani ya kwanza kabisa, funza anashuka ndani ya shina mpaka chini, ndo maana dawa ya juu haimfikii. Pasua shina hapo palipovimba utamkuta yeye au ganda lake dogo la kahawia. Zilizobaki zipandishie udongo mpaka juu ya uvimbe zitoe mizizi mipya, nyingi zitapona. Msimu ujao panda mvua zinapoanza tu pamoja na majirani zako, anayechelewa ndo anabeba inzi wa kijiji kizima, na mbegu ziwe zimepakwa dawa ya mbegu. Kama unapaka na bakteria wa vinundu vya mizizi, wale wanaoipatia soya naitrojeni, muulize mtaalamu kama vinakubaliana.

Mkulima_Namtumbo

Wakuu nimerudi, imepita kama miezi miwili, nimeona si vizuri kuchukua ushauri wa watu halafu kunyamaza.

Sikupiga kwenye maua. Nakiri kuna usiku sikulala vizuri, maana kila nikipita naona matundu na watu wananiuliza mbona huchukui hatua. Wiki iliyofuata tukagonga, viwavi hai wameshuka mpaka wawili watatu kwa mita na wale wa chaki wamejaa kila mahali, asilimia ya majani ikaishia 12 hapo hapo. Wiki iliyofuata sikuona sababu hata ya kuhesabu viwavi. Jirani yangu ana mizinga ya nyuki upande wa msituni, akaja kunishukuru kwamba mwaka huu nyuki wake hawajafa kwenye maua yangu. Sikuwahi kujua kwamba miaka yote nilikuwa namuulia nyuki, na hakuwahi kuniambia.

Maganda yalipoanza kujaa ndo hesabu ikabadilika. Jirani upande wa mashariki aling'oa maharage yake, na asubuhi ya siku ya tatu tukagonga kingo ile: 3, 4, 2, 5. Mke wangu akaandika akaniangalia tu. Tukaingia ndani mita kama 20: 0, 1. Katikati: 0, 0, 0. Upande wa barabara: 0, 1. Tukarudi kingo ya mashariki tukapindua majani, tukakuta vikundi sita vya mayai, vinne vyeusi viwili vyeupe. Vile viwili tukavikanyaga.

Nikampigia bwana shamba wa kata, akanielekeza dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, kwa ajili ya kunguni kwenye jamii ya mikunde, akasisitiza niangalie kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nikapiga jioni saa kumi na moja, ukanda wa mashariki tu, mistari kama 25 kuingia ndani. Bomba tatu. Mwaka jana kila nilipopiga shamba zima zilikuwa bomba zaidi ya 30, na mara nne. Baada ya siku 5 tukagonga pale pale: 0, 1, 0, 0.

Jana nimechuma maganda 50 kutoka pande zote nikayapasua mezani tukiwa wote na watoto. Punje zenye kidoti 6 kati ya 118. Nyingine zote zimejaa, mviringo, ukizigongesha kwenye sahani zinaruka. Mke wangu amezichukua zile 6 ameziweka kwenye karatasi na kuandika tarehe. Soya ya upande wa mashariki ina majani ya kijani zaidi kidogo kuliko pengine, kwa hiyo nadhani hapo walishachoma kabla sijapiga, nitaivuna peke yake nisichanganye gunia.

Mama swali moja, soya ya ndani maganda yameanza kugeuka njano lakini kingo bado. Niendelee kugonga kingo peke yake au sasa niache?

Mama_Ugani

Mwanangu umenifurahisha sana, na huyo mama watoto mpe daftari jipya. Ndani achana nako, hapo kunguni hana tena cha kuharibu. Kingo gonga mara mbili zaidi mpaka nayo igeuke, na angalia kwa jirani kama bado kuna kunde au mbaazi za kijani, maana ndiko watakakotokea.

BabaJunior_Mbinga

Nimeshona kitambaa. Kesho asubuhi naingia na Junior, nitaleta namba hapa.